Sauti Iliyojibu Kwenye Swichi

Habari hizi Nasra alizisikia kwanza kwa wifi yake Sharifa, siku moja walipokuwa wakimenya viazi, mtoto Salama amelala mgongoni kwa Nasra.

"Wifi, juzi nilikuwa chooni kule karakana," Sharifa alisema, akishusha sauti. "Nikajisikia namjibu mumeo."

"Ulimjibu kutoka chooni?"

"Sikufungua mdomo."

Karakana hiyo ya Tobia, pale Lukozi, ilitengeneza mashine za umeme za kutotolesha vifaranga. Kabla ya kuuzwa, kila mashine ilipimwa na Amiri, mume wa Nasra, ndani ya chumba cha wavu. Aliipitishia umeme mkali kuliko wa nyumbani, aone kama utavuja kwenye bati na kumdhuru mnunuzi. Sheria zilibandikwa ukutani. Mpimaji hapimi peke yake. Mwenzake husimama nje ya wavu, nyuma yake, mkono kwenye swichi kubwa. Mpimaji huuliza, "Umezima?" Asiposikia "Nimezima," hagusi waya. Mwenzake Amiri alikuwa Sharifa.

Jioni Nasra alimweleza mumewe. Amiri akacheka.

"Huyo wifi yako anakaa chooni nusu saa, halafu anatafuta sababu. Mbona swichi nilikuta imezimwa kweli?"

"Ilizimwa na nani, baba Salama?"

Amiri akaendelea kula.

Wiki ile sauti ya Sharifa ilijibu bila yeye mara tatu zaidi, na zote tatu haikusema uongo. Ikaja na harufu ya manyoya yaliyoungua. Sharifa akagoma kwenda kazini. Tobia, ingawa ni mtu wa kanisani, akamwita Mwalimu Nassoro wa madrasa, naye akaja na chupa ya maji ya kombe, yaliyooshea aya. Tobia akamsimamisha mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Samahani, maji hayaingii humu. Ni sheria."

"Marahaba. Basi nitasoma makavu."

Akasoma huku jasho likimtiririka kwenye baridi ile. Alipotoka alimnong'oneza Nasra, "Sijamtoa. Ameshajifunza kazi yenu, mwanangu. Anajua mnachokiamini."

Nasra akaona ni heri ashike swichi mwenyewe. Siku tatu alisimama pale na mtoto mgongoni, akijibu kwa sauti yake nyembamba, na hakuna kilichotokea.

Alhamisi mtoto akalia njaa.

"Baba Salama, usiguse kitu. Natoka kumnyonyesha."

"Nenda, nakusubiri."

Akaketi nje chini ya upenu, ukungu umeziba hata mahindi ya jirani, na mtoto alipoanza kunyonya harufu ile ya manyoya ikamfikia, kwanza kidogo, kisha kana kwamba mtu amesimama begani kwake, na ndani akasikia swichi ikipandishwa kuwasha umeme, akasikia Amiri akiuliza, "Umeshamaliza? Umezima?" na kabla hajavuta pumzi akasikia sauti yake yeye, nyembamba, yenye haya, ikijibu bila haraka, "Nimezima."

Akapiga kelele na kukimbia, lakini alipoishusha ile swichi Amiri alikuwa tayari sakafuni.

Tobia alipofika kutoka barabarani alimkuta Nasra mkono ungali kwenye swichi. Aliutazama tu ule mkono.

Amiri alipona, ila vidole viwili viliungua hadi mfupa. Kule zahanati Nasra alimweleza yote, taratibu, tangu mwanzo.

"Nilikuwa nje, baba Salama. Wallahi nilikuwa nje."

"Nilikusikia, mke wangu. Sauti yako siijui?" Akampapasa mkono kwa ule mzima. "Ulichanganyikiwa na mtoto. Nimekusamehe. Kidonda kikikauka narudi kazini, na swichi utashika wewe. Simwamini mwingine."

Nasra akaapa tena, akalia, akamwita Sharifa ashuhudie. Sharifa akainamisha uso, maana yeye naye, akipita njiani, aliisikia sauti ya wifi yake.

Asubuhi iliyofuata Nasra alimfunga Salama mgongoni, akachana karatasi kwenye daftari, akaandika kwa mwandiko wa shule, akisoma kila neno mara mbili asikosee. Akaiweka chini ya bendeji ya mumewe aliyelala, akapanda basi dogo la kushuka mlimani.

"Nimekwenda kwa mama yangu, kule Mazinde, na sitarudi Lukozi. Ukinisikia hapo karakana, si mimi. Usiguse."