Rubani wa Saluni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Kasuku alifagia saluni ya mama yake. Jina hilo la utani alipewa nyumbani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Yeye alifagia, Mama akapanga vitana, na dada yake mkubwa akakunja taulo. Ndege ya abiria ikipita juu ya bati, Dada alisimama kimya mpaka mlio uishe.

Dada alikuwa rubani. Si rubani wa kuigiza. Alisoma chuo cha urubani, akafaulu na kupewa leseni. Ukoo mzima ulichanga ili asome. Lakini tangu arudi nyumbani, hakuna shirika la ndege lililomwajiri, basi akawa anasuka nywele. Wateja walipouliza, Mama aliharakisha kujibu, "Yuko likizo huyu." Likizo yenyewe ilikuwa imeingia mwaka wa pili.

Shuleni Kasuku alitia chumvi zaidi. Siku moja ndege ilipita wakati wa mapumziko, naye akanyoosha kidole juu.

"Mnaiona ile? Dada yangu ndiye anayeirusha."

Mvulana waliyemwita Profesa, kwa ajili ya miwani yake mikubwa, akauliza, "Mbona hajawahi kutupungia mkono?"

"Akipunga mkono, usukani atashika nani? Wewe?"

Watoto wakacheka, na tangu hapo Kasuku akawa mtu wa maana. Mwalimu wa sayansi alipopata habari alifurahi, akaomba Dada aje kuzungumza na darasa.

"Hana nafasi, Mwalimu," Kasuku akasema huku akitazama viatu vyake. "Siku hizi yuko angani tu."

Njia ya mwongo ni fupi. Jumamosi Profesa alimsindikiza mama yake kwenda kusukwa, akamkuta rubani ameshika kitana, viganja vinang'aa kwa mafuta. Jumatatu darasa zima lilikuwa limeshajua.

"Abiria, fungeni mikanda! Rubani wa saluni anaanza kusuka!"

Kasuku alirudi nyumbani macho mekundu. "Umeniaibisha, Dada! Kwa nini hutafuti kazi kama watu wengine?"

Dada aliweka kitana chini taratibu. "Mimi sitafuti? Hakuna mlango ambao sijabisha. Wananiambia saa zangu za kuruka ni chache. Nikiuliza nitazipata wapi, wananijibu kazini. Nikiomba kazi, wanataka saa kwanza! Ni kama kumkataza mtoto asiguse maji mpaka ajue kuogelea. Halafu wanaleta marubani kutoka nje, na kanuni inawaruhusu."

Kasuku alifuta machozi. "Sasa mbona hatuyasemi hayo? Mbona tunasema uko likizo?"

Dada alimtazama Mama. Mama alijifanya anatafuta pini, kisha akaacha kujifanya.

"Kesho mchana wizara inapokea maoni ya watu kuhusu sera mpya ya usafiri wa anga, pale ukumbi wa mji," akasema. "Nilisikia redioni, nikanyamaza kwa haya. Basi, kesho tunafunga saluni. Sote tunakwenda."

Asubuhi yake Kasuku alisimama mbele ya darasa. "Niliwadanganya. Dada ni rubani kweli, lakini harushi ndege yoyote. Amenyimwa kazi." Akaeleza habari ya saa za kuruka. Alitarajia kicheko. Badala yake Profesa alivua miwani.

"Lakini hiyo si haki! Atapataje saa bila ndege?"

"Swali hilo," Mwalimu akasema, "linastahili kuulizwa mbele ya wakubwa."

Ukumbini meneja wa shirika moja la ndege alizungumza kwa sauti tamu. "Tungependa sana kuajiri vijana wetu. Tatizo ni kwamba marubani hawapo."

Kasuku alihisi kiti cha jirani kikisogea. Dada alikuwa amesimama.

"Hawapo? Mimi je, ni kivuli? Leseni ninayo, na mikono yangu inanuka mafuta ya nywele. Wenzangu mliomo humu, simameni mwonekane!"

Kwanza akainuka fundi simu. Akafuata dereva wa teksi, halafu mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na wengine nyuma yao, wote wenye leseni ya urubani.

"Tulipoomba kazi mlijibu kwamba saa zetu ni chache," Dada akamwambia meneja. "Leo mnasema hatupo. Shikeni neno moja!"

Ukumbi ulilipuka kwa makofi. Mwenyekiti wa kikao alimtaka meneja ajibu. Meneja alipekua karatasi zake, akakohoa, akaketi.

Mambo hayakubadilika kwa siku moja. Marubani wale waliunda chama, wakarudi wizarani mara kwa mara, wakangojeshwa kwenye korido mpaka miguu ikafa ganzi. Hawakukoma. Hatimaye sera mpya ikatoka: shirika linaloleta rubani kutoka nje lazima lichukue pia kijana wa nchini awe rubani msaidizi, afundishwe kazi. Dada alipata nafasi katika ndege ndogo ya kupeleka dawa na mizigo. Baadhi ya wenzake bado wanasubiri, na jambo hilo linamkera mpaka leo.

Siku Dada alipoitwa kazini, Kasuku alimwuliza mama yake, "Mama, mwongo mkubwa nilikuwa mimi?"

Mama akamvuta karibu. "Sote tulidanganya, mwanangu. Wewe kwa majivuno, mimi kwa haya. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua. Aibu ile haikuwa yetu hata kidogo. Ilikuwa ya waliotunga kanuni mbovu, nasi tukaibeba na kuwafichia. Siku tuliposema kweli, iliwarudia wenyewe."