Mkata Kamba wa Mto Nyambeho

Zama zile pembe za ndovu zilipokuwa zikisafiri mabegani mwa watu kutoka Unyamwezi hadi pwani ya Mrima, alikuwako mpagazi mmoja, jina lake Mihambo, aliyependa visu kuliko chakula. Wenzake walitafuta kaniki na shanga. Yeye alitafuta wahunzi.

Na kuchagua alijua, usimfanyie mchezo! Akitandikiwa visu juu ya ngozi, hakukimbilia kile king'aacho. Alikigonga kwa ukucha asikilize mlio, akautazama mgongo wake juani kama umenyooka, akanyoa nacho vinyweleo vya mkono. Kiunoni alikuwa na vitatu: sime ya kufyekea njia, kisu kipana cha kuchunia, na kimoja chembamba chenye mpini wa pembe ya swala. Hicho chembamba alikinoa kila asubuhi, akitabasamu peke yake.

"Kioe basi hicho kisu," kaka yake Shigela alimtania. "Mama naye apate mkwe."

"Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, kaka. Leo usiniombe!"

Lakini nyama ikiiva, alikuwa wa kwanza kumkatia. Shigela ndiye aliyemlea tangu baba yao alipofariki, naye Mihambo alimpenda mno.

Mwaka huo, msafara ukirejea kutoka pwani, masika yakaukuta ukingoni mwa mto Nyambeho. Desturi ilikuwa watu kumi wafungwe viunoni kwa kamba moja. Ajuaye kivuko hutangulia, na nyuma yake hufungwa mwenye kisu kikali kuliko wote, kisu mkononi. Maji yakimchukua wa mbele, wa pili hukata, ili afe mmoja na wapone tisa.

Kirangozi wa msafara, mzee Kabeho, akamteua Shigela atangulie. Kisha akamgeukia Mihambo.

"Mwanangu, nani hapa asiyevijua visu vyako? Wewe ndiwe mkata kamba. Chagua cha kuvukia."

Angeweza kuichukua sime, iliyokwisha kuwa butu kwa vichaka vya siku arobaini. Lo, majivuno! Watu wote walikuwa wakimtazama, naye akachomoa kile chembamba.

"Usinikate kwa pupa, mdogo wangu," Shigela akasema, akicheka.

Walipofika katikati, gogo likaja na mkondo, likampiga Shigela ubavuni. Akazama. Kamba ikakaza, Mihambo akavutwa hatua mbili, na nyuma yake wanawake wakapiga mayowe, mmoja wao akiwa na mtoto mgongoni.

"Kata!" Kabeho alipaza sauti kutoka ukingoni.

Mihambo akayaweka makali juu ya kamba. Kuyaweka tu. Alitaka kungoja pumzi moja, jamani, pumzi moja tu, pengine kaka yake ataibuka.

Shigela akaibuka.

"Ngoja! Nimekanyaga mwamba!"

Sime ingehitaji mapigo matatu. Kisu kile hakikuhitaji hata moja. Kamba ilivyokuwa imekaza, ilipoguswa tu na makali ikakatika, na Shigela akachukuliwa na maji, macho yake yakiwa kwa mdogo wake. Ngurumo ya mto ilikuwa kubwa. Neno lile la mwisho hakulisikia mwingine.

Tisa walivuka. Yule mama mwenye mtoto alimpigia magoti Mihambo, na wanaume wakamwita shujaa. Akavitupa mtoni visu vyote vitatu, nao wakasema anamheshimu marehemu.

Nyumbani, mama yao alimkalisha karibu naye.

"Mwanangu alisema nini mwishoni?"

Mihambo alitaka kusema kweli. Mzazi angeambiwaje neno lile?

"Alisema, 'Kata, mdogo wangu, uwaokoe watu.'"

Mama akalia sana, kisha akatulia kidogo. Kwa maneno hayo akatunga wimbo, wapagazi wakauchukua njiani, ukaenea nchi nzima. Watemi wa enzi hizo wamesahauliwa, na njia zao zimeota nyasi, lakini wimbo huo ulidumu, na wauimbao huapa kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Kila ulipoimbwa kijijini, ilikuwa haki ya ndugu wa marehemu kuitikia. Watu walimgeukia. Naye Mihambo, hadi alipoota mvi, aliinua sauti mbele ya mama yake akaitikia: "Kata, mdogo wangu."