Nafasi ya Asiye na Jina

Kompyuta ya Latifu ilianza kunuka maziwa yaliyochacha. Aliifuta kwa kitambaa, akafungua dirisha, akarudi kukaa. Harufu ikabaki. Hakushangaa sana, mwenye mtoto mchanga nyumbani hunuka maziwa popote aendapo, na yeye alikuwa amechoka hata kushangaa.

Kazi yake ilikuwa programu ya simu ya wauguzi wanaotembelea wazazi vijijini. Muuguzi hujaza habari za mtoto, simu ikazifunga pamoja na kuzituma mjini Kamembe. Mtandao wa vijiji kama Gitambi ni wa kubahatisha, basi Latifu alipunguza mzigo: chochote kilichoachwa wazi kisitumwe. Na huku mjini, mtoto aliyefika bila sehemu ya jina, mashine ikamhesabu hayupo. Hilo ni kosa ambalo mtu wa Kamembe hakupaswa kulifanya. Hapa jina lina siku yake. Mkristo hungoja mtoto atolewe nje kwa mara ya kwanza, Mwislamu hungoja akika. Binti wa Latifu mwenyewe alikuwa bado anaitwa Mtoto, na alipomjaza kwenye simu yake ya majaribio, nafasi ya jina aliiacha wazi.

Mchana Emerance, muuguzi wa kijiji cha Gashonga, akapiga simu akinong'ona.

"Latifu, batoto benye habajapewa jina, natuma lakini huko habafike."

"Ni programu tu, Maman. Nitatengeneza kesho."

"Sikia basi. Bale bale njo banakatala kunyonya tangu asubui. Banaangalia nyuma ya mama yabo, sawa vile kuko muntu."

"Kesho, Maman." Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Alipofika nyumbani alikuta harufu ileile mlangoni. Mkewe, Mukeshimana, alikuwa amekaa kitandani na binti yao, na Mzee Mudathiru, anayewasomea wenye majini pale mtaani, alikuwa ameshaanza kisomo. Mtoto hakulia, hakunyonya, alitazama tu juu ya bega la mama yake, na kila Mzee alipovuta pumzi Latifu alisikia kwenye kona, palipokuwa na beseni na nguo za mtoto na si kitu kingine, midomo ikifyonza hewa polepole, ikiacha, ikifyonza tena, kama inayotafuta ziwa gizani ingawa jua lilikuwa bado linawaka nje.

Mzee akakatiza kisomo. "Nani alisema huyu mutoto hayuko? Jini haikuiba. Iliokota chenye kilitupwa."

Latifu aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

"Tumupe jina sasa hivi!" alisema Mukeshimana.

"Jina ya woga haishike, Maman. Mwenye alifungua mulango, afunge."

Latifu aliweka kompyuta magotini. Alifuta amri ile akaandika nyingine: kilicho wazi kitumwe kikiwa wazi, nafasi yake ibaki, na mjini kila afikaye apokewe. Akaituma. Kona ikanyamaza. Binti yake akapiga kelele, akashika ziwa, na Latifu akalia mbele ya Mzee bila kujificha.

Siku ya akika mtoto aliitwa Zaitina. Emerance alituma habari kuwa wa Gashonga nao wananyonya.

Ndipo Latifu alipomwona mtoto mmoja zaidi kwenye orodha ya kompyuta. Hakuwa na jina, hakuwa na mama, hakuwa na kijiji. Kila nafasi ilikuwa wazi isipokuwa uzito. Alimfuta. Alasiri akarudi, mzito zaidi. Njia ya kumzuia ilikuwa moja tu, kurudisha amri ya zamani, na kule Gitambi walikuwa wamezaliwa wengine wasio na majina. Alitafuta simu iliyomtuma. Ilikuwa ya kwake, ya kufanyia majaribio, iliyokaa chumbani kwa mkewe.

Alikuwa barazani, Zaitina amelala kifuani pake, Mukeshimana alipomwita kutoka ndani kwa sauti ya usingizi.

"Papa Zaitina, mutoto uko naye?"

"Niko naye hapa. Analala."

Kisha, polepole sana:

"Sasa huyu ananinyonya ni nani?"