Mashine ya Barafu ya Mzee Alcide

Mjini Opelousas, Louisiana, mwezi wa saba hauna huruma. Saa nne asubuhi lami inanata kwenye viatu, na mbwa wameacha kubweka, wanahema tu. Odessa Lemelle alikuwa likizo. Yeye ni mpishi wa shule ya msingi, na shule ilikuwa imefungwa. Kila asubuhi alipika uji mzito wa mahindi na mayai mawili, akamwekea baba yake mezani pamoja na glasi ya maji.

"Baba, maji."

"Nimeyaona," Mzee Alcide alijibu.

Kuyaona aliyaona. Kuyanywa ndiyo ilikuwa kazi.

Mzee Alcide Auzenne alikuwa na miaka themanini na minne. Alihamia kwa binti yake baada ya mkewe kufariki. Alisikia vizuri, na kugombana aligombana vizuri zaidi, lakini kiu ilikuwa imemtoka kabisa. Mwezi wa tano Odessa alirudi kutoka kazini, akamkuta amelala sakafuni jikoni. Midomo ilikuwa imepasuka, na alikuwa anazungumza na marehemu mkewe. Hospitalini alitundikiwa maji siku tatu.

"Wazee wengi hawasikii kiu," daktari alimwambia Odessa. "Mwili unakauka na wao hawana habari. Safari hii umemwahi."

 

Lakini huko huko hospitalini Odessa aliona jambo la ajabu. Muuguzi alileta kikombe cha barafu. Haikuwa ya vipande vigumu kama ile ya friji ya nyumbani. Ilikuwa ya punje ndogo, nyeupe na laini, unaitafuna kama bisi. Mzee alitia punje moja mdomoni. Akatafuna. Akafumba macho. Alimaliza kikombe kile, akaomba kingine. Mtu aliyekataa maji tangu alfajiri alimaliza vikombe vitano, na daktari akasema barafu nayo ni maji. Odessa alisimama pale miguuni mwa kitanda, amepigwa na butwaa.

"Hii barafu," mzee alisema, "imetengenezwa na mtu mwenye adabu."

Alijua anachosema. Alifanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha barafu, enzi ambazo mji mzima ulikitegemea.

Nyumbani alirudia ukaidi wake. Vipande vya friji aliviita mawe. Basi kila siku Odessa aliendesha gari hadi kwenye mgahawa wa barabarani unaouza barafu ya punje, mfuko dola tatu. Akifika nyumbani nusu imeshakuwa maji. Mzee alitafuna hiyo iliyobaki, naye Odessa akashukuru. Lakini mwezi wa nane shule ingefunguliwa. Mzee angebaki peke yake kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri. 

Mumewe Curley alikuwa dereva wa lori la mpunga. Mtu mwema, mwepesi wa kucheka, na mwepesi zaidi wa kununua. Jumamosi moja aliingia jikoni na simu mkononi, uso unang'aa.

"Mama, tumepona. Mashine ya barafu ya punje, ile ile ya hospitali. Ilikuwa elfu tatu na mia tano, sasa ni elfu mbili na mia tisa. Akiba tunayo elfu tatu. Inabaki mia ya soda."

"Utaiweka wapi?" Odessa aliuliza.

"Kwenye banda la gari, karibu na friji ya bia. Wapi tena?"

Jibu halikumshangaza mtu. Mtaa mzima una friji ya pili kwenye banda la gari, ya bia na samaki.

Mzee Alcide aliinua kichwa. "Na maji yake yatakwenda wapi?"

"Maji gani, mzee? Hii inatengeneza barafu."

"Barafu isiyoyeyuka sijaiona bado, mkwe wangu. Na nimeona nyingi."

"Basi yatakwenda kwenye nyasi."

"Kwa njia gani?"

Curley alijifanya hakusikia. "Punguzo linaisha leo saa sita usiku," alimwambia mkewe. "Ila ukishanunua, hawaipokei tena ukitaka kuirudisha."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akiba ile waliiweka kwa miaka miwili, dola ishirini hapa, hamsini pale. Odessa alikitazama kidole kile, akaogopa kweli kweli.

"Kidole chako kiondoe hapo," alisema. "Nampigia simu Bernella."

Bernella Chavis alikaa ng'ambo ya barabara. Alikuwa fundi bomba mwenye leseni, na kanisani sauti yake ilikuwa nzito kuliko ya wanaume wawili. Alifika amevaa buti za mpira, na tochi mfukoni.

"Shemeji Curley," alisema, "nasikia unataka kuniua njaa. Unajifungia mabomba mwenyewe siku hizi?"

"Mashine unachomeka tu, Bernella."

"Haya, nionyeshe utakapochomeka."

Walitoka hadi kwenye banda la gari. Joto la huko lilikuwa kama la kusimama mbele ya tanuri. Bernella aliweka kiganja juu ya friji ya bia, akakitoa upesi.

"Friji hii inahema kama mbwa," alisema. "Friji ya kawaida itavumilia. Mashine ya barafu haivumilii. Inataka kukaa mahali penye ubaridi wa nyumba. Hapa itatoa nusu ya barafu, halafu itakufa. Na watu wa waranti hawatakulipa, kwa sababu imeandikwa humo kwamba ni ya kukaa ndani. Kodi ya mauzo umeihesabu?"

Curley alikuna shingo.

"Dola elfu mbili na mia tisa, ukiweka kodi, inapita elfu tatu na mia moja na sabini," Bernella alisema. "Akiba imekwisha na mashine bado iko kwenye boksi. Hujaleta maji. Hujaleta umeme. Na hujatoa maji."

"Niliuliza mimi," Mzee Alcide alisema kutoka mlangoni. "Nikaonekana nazeeka."

Jikoni, Odessa alichukua mfuko wa karatasi wa dukani, akaukata, akaketi na kalamu. Bernella alimuuliza swali ambalo hakulitegemea.

"Mzee anakula barafu kiasi gani kwa siku?"

"Labda kilo mbili. Na sisi wawili tukinywa chai baridi, tuseme nne."

"Hiyo ya Curley inatoa kilo thelathini na sita. Hiyo ni ya kulisha harusi. Iko ndogo yake, ya dola elfu moja na mia saba. Barafu ni ile ile, punje ile ile. Kwanza jua unachohitaji, ndipo uangalie bei. Andika. Mashine na kodi yake, elfu moja mia nane na sitini. Bomba la kuleta maji safi na valvu ya kuyafunga, mia mbili na arobaini. Soketi yake peke yake, kutoka kwa fundi umeme mwenye leseni, mia mbili na sabini. Chujio la kwanza, sitini."

"Na ya kutoa maji?" Odessa aliuliza.

"Hapo ndipo watu wanapolia. Ngoja."

Bernella alitoka nje, akalala kifudifudi kando ya ngazi, akatambaa chini ya nyumba mpaka buti zikapotea. Walimsikia akigonga huku na huku. Mara mlio wa kugonga ukaja chini kabisa ya miguu ya Odessa, na sauti nzito ikatokea kwenye mbao za sakafu.

"Shemeji, nani alijenga nyumba hii?"

"Babu yangu," Curley aliiambia sakafu.

"Mwombee."

Alitoka na utando wa buibui kichwani, anacheka. "Nyumba za siku hizi zimelazwa juu ya zege," alieleza. "Huko ningekuuzia pampu ya kusukuma maji, dola mia tatu na hamsini zaidi, na pampu nayo huharibika. Nyumba yenu imesimama juu ya nguzo za matofali. Bomba la sinki liko pale pale chini. Nitaunganisha, na maji yatashuka yenyewe. Mia moja na tisini, basi."

Odessa aliitazama sakafu. Miaka kumi na tisa alikuwa ameipiga deki, akiulaani upepo wa baridi unaopenya kwenye mbao mwezi wa kwanza. Hakujua kwamba chini yake palikuwa na nafasi ya kumwokolea pesa. Alijumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu.

"Elfu mbili mia sita na ishirini."

"Ongeza sehemu ya kumi kwa lisilojulikana," Bernella alisema. "Nyumba ya zamani lazima ina siri."

"Elfu mbili mia nane na themanini." Odessa aliweka kalamu chini polepole. "Inatosha. Curley, inatosha."

"Bado," Bernella alisema. "Kuna gharama za kuishi nayo. Chujio dola sitini, mara mbili kwa mwaka. Dawa ya kuisafisha thelathini. Umeme kama dola kumi na mbili kwa mwezi. Usipoisafisha inaota ukungu ndani, na hapo unampa mzee ugonjwa badala ya maji."

Odessa alipiga hesabu. Kama dola ishirini na tano kwa mwezi. Kisha alihesabu ile mifuko ya mgahawani, akapata tisini, na nusu yake ilikuwa imemwagikia kwenye zulia la gari.

Curley alizima simu, akaitia mfukoni. "Sawa," alisema. "Nilikuwa nanunua boksi."

"Na msinichukue mimi kwa sababu ni jirani," Bernella alimalizia. "Tafuteni makadirio ya mafundi wengine wawili, kwa maandishi."

Odessa alifanya hivyo. Fundi wa kwanza alikuwa ghali. Wa pili alikuwa rahisi sana, mpaka Odessa akauliza, "Na maji yatakwenda wapi?" Yule bwana alikohoa, akasema hiyo ni bei nyingine. Odessa aliaga kwa heshima, akavuka barabara kwa Bernella.

Kazi ilifanyika wiki moja kabla ya shule kufunguliwa. Fundi umeme alikuja Jumatatu, Bernella Jumanne. Siri ya nyumba nayo ilijitokeza: ubao mmoja wa sakafu, pale kando ya sinki mashine ingekaa, ulikuwa umeoza. Kuubadilisha kuligharimu dola mia moja na arobaini. Zamani Odessa angelia. Sasa alitoa pesa kwenye ile sehemu ya kumi ya lisilojulikana, akakata mstari kwenye karatasi yake.

Mashine iliwashwa. Maji yalisikika yakiingia. Kitu kikanguruma kwa ndani. Dakika zilipita. Halafu punje moja ikaanguka. Ikaanguka nyingine, kisha nyingi, nyeupe pe, zikirundikana kama zinatoka hewani. Nje joto lilikuwa nyuzi thelathini na nane. Watu wazima wanne walikuwa wameinama mbele ya mashine.

"Ya kwanza tunaitupa," Bernella alinong'ona. "Tunasafisha mabomba."

"Kutupa barafu," Mzee Alcide alisema. "Nimeishi nikaona mengi."

Ya pili alipewa. Hakuitia mdomoni. Aliiweka kiganjani, akaisogeza kwa kidole. Viganja vyake vilikuwa na makovu ya miaka ya koleo na vitalu vya barafu.

"Kitalu kimoja kilichukua siku mbili," alisema taratibu. "Ratili mia tatu. Wanaume kumi na wawili, na mitambo mikubwa kama nyumba hii. Siku za joto watu walipanga foleni mpaka relini. Leo iko jikoni kwa mwanangu, na hakuna hata mtu anayetokwa jasho."

Kisha alipiga goti moja, akiwa ameshika kabati, akatega sikio karibu na sakafu. Odessa naye alitega. Chini kabisa, kwenye giza la nguzo, maji yalikuwa yanatiririka, membamba na ya taratibu.

"Yanakwenda," mzee alisema.

Alikula barafu vikombe viwili. Odessa aliingia chumbani, akafunga mlango, akalia kwa furaha.

Shule ilifunguliwa. Wiki ya tatu Odessa alimpeleka baba yake kliniki, wakampima damu. Daktari alisoma majibu mara mbili, akasema mwili una maji ya kutosha, akauliza wanampa dawa gani. "Barafu," Mzee Alcide alisema, "ila usiwaambie watu wa dawa."

Ijumaa ya wiki ile jiko la shule liliharibika feni. Odessa alipika wali wa watoto mia tatu ndani ya mvuke. Alifika nyumbani saa tisa na nusu, kichwa kinamgonga, miguu mizito. Alikaa kwenye kiti cha jikoni bila hata kuvua viatu.

Mzee Alcide aliinuka sebuleni, akaja akishikilia ukuta. Alimtazama usoni kwa makini, kama daktari alivyomtazama yeye.

"Leo umekunywa maji?" aliuliza.

Odessa alifikiri. Hakukumbuka.

"Ndivyo inavyoanza," mzee alisema. Alifungua mashine, akachota barafu, akamimina maji juu yake. Hakumwaga hata tone. Alimwekea mezani, akavuta kiti, akaketi mbele yake.

"Kunywa, mwanangu. Siondoki hapa mpaka umalize."

Odessa alikunywa mpaka mwisho.