Niombe Radhi Bila Sori

—Sori, mke wangu.

—Rudia hilo neno uone!

Mkasi ulitua mezani kwa kishindo, mume akarudi nyuma hatua mbili. Koti lake la harusi lilikuwa limelala juu ya cherehani, bitana imefumuliwa, na kando yake karatasi ya hospitali. Hebu fikiria, mtu ameoa fundi cherehani halafu anaficha siri ndani ya bitana! Tena kaishona mwenyewe kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijivu, mishono imepindapinda. Fundi aliiona mara tu alipoanza kulipanua koti, maana bwana mwenyewe kanenepa.

—Miaka miwili! Miaka miwili unajua tatizo ni lako, na mimi nameza dawa za kila rangi!

—Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia. Kweli, sori...

—Sori, sori! Ukinikanyaga, sori. Ukitaka nikupishe mlangoni, sori. Usiponisikia, sori. Mama yako kaniita mgumba mbele ya dada zako, wewe ukaja kuninong'oneza chumbani, sori! Na hili nalo unalifunika kwa hilo hilo?

Mume aliinamisha kichwa. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za wateja wa kampuni ya maji. Kutwa nzima aliwaambia sori watu asiowajua, ambao mabomba yao hayatoi hata tone, na ulimi ulishazoea. Zamani fundi alikuwa akimcheka. Leo alimchukia, na akajichukia mwenyewe kwa kuwa bado anampenda.

Akavuta begi lililokuwa tayari limefungwa.

—Mpigie mama yako. Weka spika. Mwambie ulichofanya, na hilo neno lisikutoke. Likikutoka, naondoka na usinitafute.

Simu iliita mara tatu, mama mkwe akapokea.

—Shikamoo mama. Sori kukusumbua...

Fundi akanyanyua begi.

—Ngoja! Mama, ngoja kidogo.

Jasho lilikuwa linamtiririka mume.

—Mama, ni mimi. Mtoto hapatikani kwa sababu yangu. Daktari aliniambia mwaka juzi, nikaficha karatasi. Ulipokuwa unamtukana mke wangu nilikuwa najua ukweli, nikanyamaza. Niliogopa utaniona si mwanamume.

Sauti ya mama mkwe ikatoka kwenye spika.

—Mpe mkeo.

—Nipo, mama.

—Mwanangu, nilikutukana mbele ya wanangu. Njoo kwangu leo hii. Nitawaita wote, niyafute maneno yangu mbele yao, nikiwa nimesimama. Huyo muache huko huko.

Machozi yalimtoka fundi. Hakutegemea kuyasikia haya maishani mwake, na kutoka kwa mwanamke yule! Akajifuta kwa kiganja, akatundika begi begani.

—Unaondoka? Si nimeshasema yote?

—Umesema. Naenda kwa mama.

—Utarudi lini?

—Kwanza hilo koti ulishone mwenyewe. Sindano unaijua, uzi unaujua.

Mume alifungua mdomo. Neno lilishafika kwenye ncha ya ulimi, fundi aliliona kabisa. Kisha mume akaufunga.

Fundi alisimama mlangoni, akageuka.

—Kumbe unaweza, alisema. Jumapili nitarudi.