Ukumbi Umeridhika

Kipimaridhaa kilining'inia katikati ya dari ya Ukumbi wa Shirikisho, kikubwa na chenye vijinundu vingi, kama fenesi la shaba. Kila kijinundu kilikuwa jicho. Macho hayo hayakujishughulisha na sura za wajumbe, kwa kuwa sura ya mwanasiasa haijawahi kumsaidia mtu kujua lolote. Yalisoma pumzi, mapigo ya moyo, joto la shingo na jasho la viganja.

Siku hiyo Waziri Lumuli Changawe wa Jamhuri ya Sawende alisimama, akagonga kengele yake ndogo ya mezani, akakohoa mara moja, akasema, "Kaeni wima, tuanze." Kisha akapendekeza kwamba vituo vyote vya kurushia mizigo angani, katika nchi zote saba za Shirikisho, visimamiwe na Sawende. Wajumbe sabini walibaki wima. Fenesi likageuka kijani.

"Ukumbi umeridhika," lilitangaza, kwa sauti tamu ya muuguzi anayekuja na sindano.

Mambo yakaishia hapo, na wajumbe wakaenda kula pilau.

Msomaji aliyezoea kupiga kura atashangaa. Katiba ya Shirikisho ilikuwa imepiga marufuku kura, kwa sababu zamani kila kura ilipopigwa walioshindwa walifungasha bendera yao na kurudi kwao. Ikaamuliwa kwamba hakuna jambo litakalopita mpaka ukumbi mzima uridhike. Ulikuwa utaratibu mzuri sana na wa polepole sana. Mjadala mmoja wa bei ya nyanya ulianza wakati wa kupanda ukaisha wakati wa kuvuna. Ndipo Sawende, nchi kubwa kuliko zote, ilipoleta mashine ya kupima ridhaa, bure kabisa.

Sawende haikuwahi kuvamia nchi ya mtu. Ilitoa zawadi. Ilitoa ukumbi, ikatoa viti, ikatoa wapishi, ikatoa kipimaridhaa. Jeshi unaweza kulizuia mpakani, lakini zawadi unaipokea kwa mikono miwili na kusema asante. Zawadi ya kwanza kabisa ilikuwa shule ya bweni. Kila mwaka watoto werevu kutoka nchi zote saba walipelekwa huko kwa gharama ya Sawende, kila mmoja na sanduku lake la bati na godoro lake jembamba. Watoto hao walikua, wakanenepa, wakawa wajumbe.

Mashine ilikuwa imebuniwa na Mhandisi Nyamizi Kasapila, raia wa Sawende, naye pia zao la shule hiyo. Alifanya kazi katika chumba cha mitambo chini ya sakafu ya ukumbi. Hakuona mikutano, aliona mistari tu ikipanda na kushuka kwenye vioo. Huko ndiko alikomkuta Bukuru Ntamagendo mchana huo, amekalia boksi la vipuri. Bukuru alikuwa mjumbe pekee wa Rukwiza, nchi ndogo kuliko zote, na walikuwa wamesoma darasa moja.

"Shikamoo, mama fenesi," alisema Bukuru.

"Marahaba, mtukutu. Nani kakuruhusu kushuka huku?"

"Mlinzi. Nimemwambia nina tumbo la kuendesha na choo cha juu kimeharibika."

"Kimeharibika?"

"Sasa hivi kimeharibika, ndiyo."

Nyamizi alitaka kucheka, lakini akaona mwenzake hacheki.

"Kesho asubuhi Lumuli analeta azimio la mawingu," alisema Bukuru.

Siku hizo mvua haikungojewa tena. Ilivutwa. Vivutawingu, ndege nyembamba zisizo na rubani, ziliyachaji mawingu kwa umeme na kuyaburura kama mbuzi hadi mahali palipotakiwa. Kila nchi ilikuwa na vivutawingu vyake. Azimio lilitaka vyote viwe chini ya Sawende, na nchi yoyote yenye kiu iandike barua ya maombi.

"Rukwiza ni viazi na milima," Bukuru aliendelea. "Ukikosa mvua msimu mmoja, watu wanahama. Ukikosa misimu miwili, sina nchi ya kuiwakilisha."

"Pinga, basi."

"Napinga. Nakaa pale nimejaa upinzani mpaka kooni. Halafu Lumuli anagonga kengele, anakohoa, anasema kaeni wima. Na mimi, mtu mzima mwenye kipara na watoto watatu, nakaa wima. Mwili wangu unamtii kabla kichwa hakijapata habari. Juu kule naona kijani."

"Kengele gani?" Nyamizi aliuliza.

Bukuru akamweleza. Nyamizi akaifungua kumbukumbu ya mashine.

Ili mashine ijue ridhaa inavyofanana, lazima ionyeshwe watu wengi sana walioridhika. Zamani, alipokuwa akiitengeneza, Wizara ya Sawende ilimletea rekodi zilizokwisha kupimwa, safu juu ya safu za mapigo na pumzi, na kumwambia hao ni watu wenye utulivu wa kupigiwa mfano. Alitumia takwimu, wala hakuomba kuona picha. Sasa akaziomba. Kwenye kioo kikatokea uwanja wa shule, wanafunzi mistarini, na juu ya ngazi Mwalimu Mkuu Kagoma na kengele yake ya mkono. Kagoma alikohoa. Mistari yote ikanyooka.

"Yule ni wewe," alisema Bukuru, akigusa kioo. "Kaptura... samahani, sketi imepinda. Na yule pembeni ni mimi."

"Tulikuwa tumeridhika?"

"Tulikuwa tunaogopa kunyimwa uji na kupigishwa magoti kwenye kokoto. Nitazame vizuri. Nimejikojolea kidogo."

Nyamizi alikaa chini. "Nimeifundisha woga," alisema, "nikaipa jina la ridhaa."

Alipanda ghorofani kwa Waziri jioni ileile. Lumuli Changawe alikuwa kiranja mkuu wa mwaka wao, na hakuna aliyewahi kumwarifu kwamba muhula umekwisha. Alimmiminia mhandisi chai kwa mkono wake mwenyewe.

"Unadhani tulikupa rekodi zile kwa bahati mbaya?" aliuliza kwa upole.

"Mheshimiwa, wale watu hawakubali. Wanaogopa."

"Na tofauti inaonekana wapi? Barabara zinajengwa. Hakuna aliyefungasha bendera tangu fenesi lako lipande darini. Watu wanaiita amani. Kunywa chai."

"Rukwiza watakosa mvua."

"Rukwiza wataandika barua. Wanajua kuandika, tuliwasomesha." Akaweka kikombe chake mezani. "Ukigusa waya mmoja wa mashine ile kabla ya kesho, huo ni uhaini. Hutakuwa na kazi, hutakuwa na pasipoti, na hutakuwa na kwenu."

"Sitagusa waya," alisema Nyamizi.

Na ikumbukwe kwa heshima yake kwamba hakuugusa.

Alimkuta Bukuru kwenye ngazi za nje, akila mahindi ya kuchoma kwa huzuni.

"Nisimame kesho niwaambie wote ukweli?" Bukuru aliuliza.

"Ukisema ukweli, Lumuli atagonga kengele, na mashine itatangaza kwamba ukumbi umeridhika kuwa wewe ni mwongo. Sikiliza. Azimio likishatangazwa halirudiwi, isipokuwa anayelipinga akiri mbele ya ukumbi kwamba mashine imekosea. Kanuni hiyo waliiandika Sawende wenyewe, ili mtu asithubutu."

"Sasa?"

"Bado unaweza kumwigiza Mwalimu Mkuu Kagoma?"

Bukuru aliacha kutafuna. "Mara ya mwisho nilipomwigiza, nilichimba shimo la choo muhula mzima."

"Ukikataa utachimba visima maisha yako yote."

Asubuhi iliyofuata Spika alifungua kikao. Alikuwa Bi Namakula Lwebuga, mwanamke mzee wa maneno machache, aliyezaliwa kabla ya shule kujengwa na kwa hiyo hakuwahi kupewa zawadi ya elimu yake. Kwa desturi, nchi ndogo kuliko zote ilizungumza kwanza. Sawende iliipenda desturi hiyo, kwa sababu haikuwahi kuwa na madhara.

Bukuru alipopanda jukwaani, wajumbe walianza kutabasamu. Walimjua. Akatoa ndani ya koti kengele ya shaba aliyoiazima kwa muuza aiskrimu, akaipiga kwa muda mrefu. Kisha akakohoa. Kikohozi cha Lumuli kilikuwa nakala tu. Hiki kilikuwa chenyewe, kizito, kilichotoka chini ya mbavu na makohozi yake yote.

"Kaeni wima," alisema kwa sauti ya marehemu Kagoma. "Wewe wa nyuma, vuta soksi."

Migongo sabini ilinyooka. Mjumbe mmoja wa nyuma aliinama akavuta soksi. Chini ya sakafu, mistari yote kwenye vioo vya Nyamizi ilianguka kwa pamoja na kutulia. Waziri Lumuli Changawe alikuwa ameweka mikono juu ya magoti, macho mbele, kidevu ndani.

"Inaazimiwa," aliendelea Bukuru, "kwamba mawingu yote ya Shirikisho yasimamiwe na Rukwiza. Sawende itapata mvua kwa maombi ya maandishi, yakiambatana na cheti cha tabia njema. Na kuanzia leo Waziri wa Sawende ataosha masufuria ya jikoni, akianza na ya uji."

Fenesi likageuka kijani.

"Ukumbi umeridhika."

Lumuli aliiondoa mikono magotini, akasimama. "Mheshimiwa Spika, huu ni mchezo wa kitoto. Mimi sijaridhika."

Spika alitazama kioo kilichokuwa mbele yake. "Mashine inasema umeridhika, Mheshimiwa. Inasema umeridhika kuliko wote."

"Mashine imekosea."

Bi Namakula alivua miwani. "Imekosea leo tu, au ilikuwa ikikosea siku zote?"

Waziri alipiga hesabu. Akisema leo tu, angeulizwa kwa nini leo. Akisema siku zote, vituo, barabara na kila kitu kilichopitishwa chini ya fenesi lile kingefumuka. Akinyamaza, nchi yake ingeomba mvua kwa barua, naye angeanza na sufuria la uji.

"Siku zote," alisema mtu mlangoni.

Nyamizi alikuwa amepanda ngazi bila kuitwa. Alieleza kwa sentensi chache rekodi zilikotoka na zilipima nini. Hakupandisha sauti. Kabla hajamaliza, walinzi wawili wa Sawende walikuwa wamemshika mikono, mmoja kila upande. Waziri alikuwa amemkataza kugusa waya, hakumkataza kufungua mdomo, lakini walinzi si mawakili.

"Zimeni kitu hicho," alisema Spika.

Kijani kikafifia, macho yakafa moja moja. Bukuru, jukwaani, alikuwa tayari ameinama kupokea makofi. Hayakuja.

"Azimio la utani limefutwa," alisema Bi Namakula. "Narudi kwenye azimio la Sawende kuhusu mawingu. Nitamuuliza kila mjumbe, naye atanijibu kwa mdomo wake. Unakubali?"

Mjumbe wa kwanza kwenye safu ya mbele alisimama. Mdomo ulifunguka, halafu ukafungwa. Wa pili aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Wa tatu, profesa wa sheria, mtu mwenye vitabu sita, aliinua mkono na kuuliza kama inafaa kujibu "vyote viwili".

Hapo ndipo Nyamizi alipoelewa alichokuwa akikipima. Mashine ilikuwa imezimwa na hakuna kilichobadilika kwenye viti vile. Woga uliwekwa ndani yao wakiwa watoto, bila waya ambao mhandisi angeweza kuukata. Kila mmoja angelazimika kuuzima mwenyewe, kwa mkono, mbele za watu.

Zamu ya Bukuru ilifika. Kwa sauti ya Kagoma angeweza kuhutubia mpaka jioni. Aliitafuta yake mwenyewe, na ilipotoka ilipasuka katikati kama ya mvulana anayebalehe.

"Sikubali," alisema. "Rukwiza haikubali."

Baada yake maneno yalianza kuja, machache na mabaya. Mmoja alikubali, na ilionekana anamaanisha. Mwingine alikataa akitazama viatu vyake, Spika akamwambia hakumsikia, akakataa tena, safari hii akimtazama Spika.

Ilipofika zamu ya Sawende, Lumuli alisimama kwa utulivu na kugonga kengele yake.

"Sawende inakubali," alisema. "Kwa niaba ya wajumbe wetu wote."

"Namuuliza kila mmoja," alisema Spika.

Aliyekaa kando ya Waziri aliitwa Siwema Malongo. Alikuwa mjumbe kamili kwa kila kanuni, ila kwa miaka yote kazi yake ilikuwa kumbebea Lumuli mafaili. Alisimama nayo kifuani.

"Keti, Siwema," alisema Waziri bila kugeuka.

"Sikubali," alisema Siwema. "Na mimi pia ni Sawende. Huyo mhandisi mliyemshika ana pasipoti ya nchi yangu na hajamaliza kusema. Mwachieni amalize."

Walinzi walimtazama Waziri. Wakamtazama Siwema. Hakuna aliyewahi kuwafundisha la kufanya siku ambayo Sawende ingekuwa na sauti mbili.

Wa kushoto ndiye aliyeuachia mkono kwanza.