Mteja Asiyesalimia

Mtu akiingia kwa kinyozi husalimia, huuliza, "Nani wa mwisho hapa?" kisha hukaa akangoja zamu yake. Hiyo ndiyo adabu ya benchi, na hata mlevi anaijua. Sasa huyu aliingia saa ngapi? Hakusalimia, hakuuliza kitu. Kinyozi aliinua macho kwenye kioo aangalie kama kisogo cha mteja wake kimekaa sawa, akamwona huyu ameketi mwisho wa benchi karibu na mlango, kichwa ameinamisha, nywele na ndevu zimechanganyika na kumwagika mpaka magotini.

Akageuka. Mwisho wa benchi hapakuwa na mtu.

Angeweza kusema ni macho tu, maana joto la siku ile lilikuwa la kumpumbaza mtu. Lakini wateja wengine walikuwa wamebanana upande mmoja, bega kwa bega, jasho linawatiririka, na pale mwisho wameacha nafasi ya mtu mzima.

"Si msogee, jamani, mbona mnakaliana mapajani?"

"Tuko sawa, fundi," mmoja akajibu, na hakuna aliyesogea.

Kinyozi akarudi kwenye kazi yake. Wateja walimwita Mkono Mwepesi, kwa sababu wembe wake ungeweza kupita kooni mwa mtu na mtu akaendelea kukoroma. Duka lilikuwa la baba yake, kazi alifundishwa na baba yake, na tangu ashike wembe hakuwahi kumkata mtu. Basi akauweka wembe chini ya kidevu cha mteja, na hapo ndipo harufu ilipomfikia, harufu ya chuma kilicholoa, na nyuma yake akasikia mtu anapumua, pumzi fupi fupi za haraka, kisha akagundua kwamba zile pumzi ni zake mwenyewe, moyo unamgonga mpaka masikioni, vidole vinakufa ganzi, kifua kimebanwa hakipokei hewa, na katikati ya kichwa chake, kwa sauti ya upole kabisa, kitu kikasema: Kata.

Wembe ukaanguka kwenye beseni.

"Vipi, fundi?" mteja akauliza, jicho moja wazi.

"Povu limeniteleza," akajibu, akatoka nje kwenda kufa. Alikaa juu ya ndoo nyuma ya duka, mgongo ukutani, akingoja kufa, na hakufa.

Msicheke. Aliyepatwa na jambo lile hajui kwamba hatakufa. Likija mara ya pili hafarijiki kwamba la kwanza lilipita, anaona tu kwamba safari hii ndiyo yenyewe. Na lilikuja mara ya pili, na baada ya hapo likawa linakuja kila anaposhika wembe, na mwisho likawa linakuja akifikiria kushika wembe.

Alikwenda hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akampima moyo kwa mashine, akasema, "Moyo wako mzima kabisa. Hii ni hofu, na ina tiba, ila haitaki haraka. Ikija usiikimbie. Kaa nayo, pumua taratibu, itapanda na itashuka. Halafu uje tuongee tena."

Kinyozi akaitikia ndiyo, ndiyo, huku akiwaza kwamba msomi wa watu hajamwona, kwenye kioo cha dirisha, yule aliyeketi pale nje kwenye viti vya wagonjwa, ndevu zinaburura sakafuni. Hakurudi tena.

Badala yake akaacha wembe. Akabaki na mashine ya umeme peke yake, na kila siku akawa na uongo mpya. Leo nyembe zimeisha, kesho zilizoletwa ni butu, keshokutwa mkono umeteguka. Wateja wa ndevu wakaanza kupungua. Waliobaki aliwanyoa huku jicho moja liko kwenye kioo, na jioni alirudi nyumbani amechoka kuliko mpasua mawe. Kuogopa nako ni kazi, tena ya kutwa, na haina likizo. Mkewe alimwekea chakula, akakiangalia kinapoa.

Hayo yote angeyavumilia. Lililomkalia rohoni lilikuwa ndevu za baba yake.

Mzee alikuwa kitandani chumba cha nyuma, upande mmoja wa mwili hauna nguvu, na pumzi zimeanza kumtupa mkono. Yeye ndiye aliyefungua lile duka, na maisha yake yote hakuonekana na unywele kidevuni, hata siku aliyomzika mkewe. Sasa ndevu zilikuwa zimemfika kifuani. Zilishika uji, zilishika dawa, na wageni wakija kumjulia hali alivuta shuka mpaka puani kwa aibu. Mashine aliikataa, "mimi si kondoo." Vinyozi wengine aliwakataa pia. "Nitanyolewa na mwanangu," alisema, na kila alipomsikia mwanawe ukumbini aliita, "Leo?"

"Kesho, baba. Leo nimechoka."

Mke wa kinyozi alivumilia, kisha siku moja mchana akamfuata mumewe jikoni, akafunga mlango.

"Baba watoto, hebu niambie ukweli. Baba amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Mbona unamwacha hivyo? Nesi ameniambia tujiandae. Unataka watu waje kumwosha mzee wako yuko vile?"

Kinyozi akaegemea ukuta. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba mkewe ilibidi asogee.

"Nikishika wembe kuna kitu kinaniambia nikate. Nitamchinja baba, mke wangu. Nitamchinja kwa mkono wangu huu, naye ananiangalia."

Mwanamke hakupiga kelele. Alitazama mlango, akanong'ona, "Kitu gani?"

Akamweleza. Tangu mwanzo, yule wa benchini, ndevu, harufu, watu wanaobanana. Na mkewe, ambaye hakuwahi kuamini mambo hayo, akajikuta anavuta kanga mabegani na joto lote lile.

Mganga waliyempata alikuwa mama mnene mwenye haraka zake, aliyekuja na mikoba miwili na kukataa kiti. Walifunga duka. Akafukiza pembe zote, akanyunyiza maji kwenye kioo na mlangoni, akasoma aliyoyasoma, kisha akasimama mbele ya benchi mikono kiunoni kama anayemdai mpangaji.

"Toka! Nyumba si yako, duka si lako!"

Benchi likalia, nyaa, kama linavyolia mtu mzito anapoinuka. Pazia la mlangoni likajifunua, likajifunga. Kinyozi akalia kwa furaha mbele ya mganga na mkewe, mtu mzima yule.

Siku zilizofuata hapakuwa na mtu kwenye kioo. Hata hivyo alipata raha gani? Kutwa nzima alikuwa anakodolea kioo kuhakikisha kwamba hapana mtu. Alichelewesha wateja, aliruka mlango ukigongwa. Mwishowe akasema, basi, leo ndiyo leo, namnyoa baba. Akafungua kabati achukue wembe, na harufu ya chuma kilicholoa ikamjaa puani. Alikuwa amerudi. Tena hakuwa mwisho wa benchi sasa, alikuwa katikati.

Mganga alipoitwa mara ya pili hakufukiza. Alikaa kitako akazungumza na ile hewa kwa muda mrefu, akiitikia "ehe, ehe," kisha akafunga mikoba yake.

"Mwanangu, huyu nimemshindwa. Nikimwambia toka anatoka, kwani ni mtiifu. Ila anarudi, anasema ana haki ya kukaa hapa."

"Haki gani?"

"Sijui mambo yenu. Anasema anasubiri."

Mama akaenda zake. Kinyozi hakuliwaza lile neno hata kidogo. Kichwa cha mtu ambaye hajalala hakina nafasi ya mafumbo.

Ikaja siku ya joto jingine kama lile la kwanza. Mchana watu walikwenda kula, mteja wa mwisho akajipangusa poda akatoka. Kinyozi alikuwa amesimama kwa sababu tu kukaa kulihitaji nguvu. Kichwa chake hakikuwa na wazo hata moja. Akakung'uta kile kitambaa cha kuwafunika wateja, nywele zikaanguka, akapiga kiti vumbi, na bila hata kugeuka, kama mdomo wake ulivyozoea kusema maelfu ya mara, akasema:

"Anayefuata!"

Benchi likalia. Nyaa.

Hapo ndipo akajua alichosema, na kinywa hakirudishi. Nyayo zilikuja nyuma yake zikiburura, taratibu, kama za mtu aliyekaa mno mpaka miguu imekufa, zikampita kushoto, na baridi ikampita pamoja nazo, kiti kikazama na kugeuka kidogo kama kinavyogeuka mtu akikaa, na kwenye kioo kichwa kikalazwa nyuma, ndevu zile zote zikafunuka, na chini yake, shingo.

Mlango ulikuwa wazi, jua liko nje, watu wanapita wanacheka, na alitaka kukimbia, Mungu ni shahidi alitaka, lakini utamwitaje mteja zamu yake halafu umkimbie, jambo ambalo baba yake angelisikia angetoka kitandani na upande wake mmoja kuja kumzaba kibao. Basi akamfunika kitambaa, mbele ya macho yake kitambaa kikaonekana kimefunika hewa, kwenye kioo kimemfunika mtu, akakoroga povu, akapaka, akapunguza kwa mkasi, akatia wembe mpya, na moyo ukaanza, ukapanda kifuani, ukapanda kooni, vidole vikafa, chumba kikawa chembamba, hewa ikakataa, na ile sauti ya upole ikasema Kata, naye akakata, akakata ndevu, mchirizi mmoja, akafuta wembe, mchirizi wa pili, akafuta, sauti ikasema Kata, akasema kwa nguvu, "Nakata, tulia," na moyo ukapanda tena mpaka akaona giza pembeni mwa macho, akajua sasa ndiyo anakufa, na akanyoa, kwa sababu upande mmoja ulishaisha na huwezi kumwacha mtu nusu, na alipoweka vidole viwili kwenye koromeo kuvuta ngozi, akausikia mshipa wa shingo ile baridi unapiga mbio, mbio kuliko wake.

Alikuwa anaogopa. Jini lile, jamani, lilikuwa linaogopa wembe.

Kinyozi akasimama kidogo. Akavuta pumzi. Hofu haikuondoka, lakini ilikuwa imefika juu kabisa na haikuwa na pa kwenda zaidi, ikaanza kuteremka pole pole kama maji ya beseni. Akamaliza kidevu. Akapangusa kwa taulo, akatia spiriti, akasikia mtu anavuta hewa kwa meno kama wanavyofanya wote.

Uso wake ulikuwaje? Kinyozi hakuwahi kumsimulia mtu. Alisema tu kwamba ulikuwa umechoka.

Mteja akainuka, na wala hakulipa. Kinyozi akatazama pazia la mlango, akingoja lijifunue. Halikujifunua. Benchi likalia, pale pale pa siku zote, na kwenye kioo akaketi yule yule, sasa kidevu cheupe, mikono magotini.

"Huendi?" kinyozi akauliza.

Haendi. Basi. Alingoja kilio kimtoke, hakikutoka, alikuwa amechoka mno. Akakusanya wembe, brashi, sabuni na beseni, akafunga duka mchana ule ule, akaenda nyumbani, na nyuma yake zikaja zile nyayo zinazoburura, njia nzima.

Mkewe alimwona na beseni akafungua mlango wa chumba cha nyuma. Mzee alikuwa macho.

"Leo?"

"Leo, baba."

Akampandisha mto, akamfunga taulo. Miguuni mwa kitanda godoro likabonyea, mwanamke aliyesimama mlangoni akaliona, akaziba mdomo. Povu lilipakwa. Moyo ulianza. Kinyozi aliweka wembe shavuni mwa baba yake, na wembe ukawa unatikisika waziwazi.

"Mkono unatetemeka," Mzee akasema.

"Unatetemeka, baba. Naogopa."

"Nyoa hivyo hivyo."

Akanyoa. Mchirizi, anafuta. Sauti ikasema ilichozoea kusema, naye akaiacha iseme. Alipofika kooni, Mzee aliinua kidevu mwenyewe, ngozi ile nyembamba ikavutika, na kinyozi akapita hapo taratibu akilia bila kuficha. Wembe ukatoka upande wa pili. Hapakuwa na damu.

Mzee hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa anatazama miguuni mwa kitanda.

"Umemnyoa vizuri," akasema.

Mkono wa kinyozi ukasimama hewani.

"Nani, baba?"

"Huyo hapo. Ila usikae siku nyingi hujamwita, ndevu zake zinaota haraka. Mimi nilikuwa namwanza yeye kila asubuhi, kabla sijafungua duka, mpaka siku niliyoanguka. Ukimruka zamu anakuwa msumbufu."

"Miaka yote hiyo?" Kinyozi alitaka kukasirika akakosa nguvu. "Miaka yote hiyo, baba, na hukuniambia?"

 Pumzi ya Mzee ilikuwa fupi, na povu lilianza kukauka kwenye shavu lililobaki.

"Nilidhani nitaondoka naye," akasema.

Kinyozi akatia brashi kwenye maji, akalipaka lile shavu upya.